Bei mpya za maji na majitaka mjini: tugawaje kati ya wakazi na biashara?

Mhasibu_wa_Mji

Habari za kazi, wakubwa. Nipo ofisi ya maji ya mji mmoja mashariki mwa Uganda. Hatuko chini ya NWSC (shirika la taifa la maji na majitaka). Bodi inataka rasimu ya bei mpya ipelekwe wizarani ili ikikubaliwa ianze na mwaka wa fedha, Julai. Takwimu nimezizungusha ili mji usijulikane, ila uwiano ni ule ule. Kwa mwezi:

Tunazalisha yuniti 30,000 za maji (yuniti moja ni lita 1,000). Tunazotolea bili ni 21,000: vioski 1,500, nyumba 10,500, taasisi za serikali 4,000, biashara 5,000. Mita zote ni kama 1,900. Makusanyo ni asilimia 90 ya bili.

Gharama za maji, kwa shilingi: umeme milioni 8.1 (wastani wa 600 kwa yuniti ya umeme, tunapandisha maji mita 90), dawa milioni 3.2, mishahara milioni 18, matengenezo na mafuta milioni 6, ofisi na walinzi milioni 3.2. Jumla milioni 38.5.

Majitaka: wateja 420 wako kwenye laini, na kwa pamoja wananunua yuniti 7,000 za maji (nyumba 3,000, biashara na taasisi 4,000). Majitaka yanaishia kwenye mabwawa ya kusafishia. Gharama yake milioni 6.

Nimegawanya 38.5m kwa 30,000 nikapata 1,283. Nimependekeza 1,400 kwa kila yuniti ili tubaki na akiba kidogo. Wajumbe wengine wanasema nyumba ziwe na bei ya ngazi, anayetumia zaidi alipe zaidi, na biashara zibebe mzigo mkubwa. Kwa majitaka tunataka kunakili NWSC: asilimia 75 ya bili ya maji kwa nyumba, 100 kwa wengine. Naomba mnikosoe kabla bodi haijakaa.

---

Hesabu_za_Bomba

Mkuu, simama kwanza kwenye ule mgawanyo. Yuniti 30,000 hakuna anayezilipia. Bili ni za 21,000, na kati ya hizo fedha inayoingia ni sawa na ya yuniti 18,900. Kwa bei ya 1,400 utakusanya milioni 26.5, na hata gharama zako za sasa zinakushinda kwa milioni 12 kila mwezi. Hiyo "akiba kidogo" haipo.

Pili, orodha yako ina gharama za kuendesha tu. Vitu viwili havimo.

Mita. Ukizibadilisha kila baada ya miaka 7, mita 1,900 kwa miezi 84 ni kama 23 kwa mwezi. Weka 120,000 kwa mita na kazi ya kuifunga, unapata milioni 2.7. Usiseme zitasubiri. Mita ya nusu inchi ya daraja B ikiwa mpya haina wajibu wa kusoma sawasawa chini ya lita 30 kwa saa. Nyumba yenye tanki juu ya dari na boya hujaza polepole, mara nyingi chini ya kiwango hicho, na mita iliyochakaa hata haizunguki. Maji yanapita, bili haitoki.

Pampu, mota na mabomba makuu. Tenga angalau milioni 4.8. Pampu ya kisimani ikiungua huna wiki mbili za kutafuta fedha, mji wote utakuwa barabarani na majerikani.

Sasa gharama ya maji ni milioni 46. Kwa makusanyo ya asilimia 90 unatakiwa utoe bili za milioni 51.1. Wastani ni 2,434 kwa yuniti.

Umeme wako nimeupima. Kupandisha yuniti moja ya maji mita 90 kunahitaji yuniti 0.00272 za umeme kwa kila mita, mara 90, gawanya kwa ufanisi wa pampu. Kwa ufanisi wa asilimia 55 ni yuniti 0.445 za umeme. Wewe unatumia 0.45, kwa hiyo pampu ni nzima na hakuna cha kubana hapo. Ingekuwa 0.65 ningekwambia acha habari za bei, fungua pampu kwanza. Kitu kimoja tu cha kuangalia: kama mko kwenye kundi la umeme linalotozwa kwa saa, kilele, yaani saa za umeme ghali, ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku. Tanki likiwa na nafasi ya kutosha, zimeni pampu saa hizo.

Mgawanyo mmoja unaotosha, bila VAT: vioski 1,060, nyumba 2,350, taasisi 2,600, biashara 2,900. Zidisha kwa yuniti zako: 1.59 + 24.68 + 10.4 + 14.5, jumla milioni 51.2 za bili. Kwa asilimia 90 unapata milioni 46 na chenji.

Ile 1,060 ya kioski si ya kubahatisha. Jerikani ya lita 20 kwa shilingi 25, jerikani 50 kwa yuniti, ni 1,250. Toa VAT ya 18% unabaki na 1,059. Hiyo 25 ndiyo bei NWSC waliyotangaza kwa bomba za umma, na watu wa mji wako wanaijua. Ukiweka juu zaidi jiandae kueleza.

---

Nalongo_wa_Kioski

Naongezea hapo kwa kioski, maana ndipo wengi hujidanganya. Bei ya 25 ni ya ofisi kumuuzia mwenye kioski. Yule anayekaa juani kutwa anakula nini? Atauza 50, siku ya mgao wa maji 100 au 200, na ruzuku yenu imeishia mfukoni mwake. Chagueni moja: bomba la kadi ambapo mwananchi anachota mwenyewe kwa 25, au mhudumu mwenye mkataba, mathalani jerikani 50, bei ikiandikwa ukutani kwa rangi, kwa herufi za kusomeka hata na mtu aliye kwenye foleni, pamoja na namba ya simu ya ofisi. Mkiliacha hewani tu, bei ya maskini itabaki kwenye karatasi.

Bei ya ngazi kwa nyumba: ikataeni. Wajumbe wanafikiri wanamlinda mnyonge. Haya, chukua mfano. Yuniti 5 za kwanza 1,500, kuanzia ya 6 hadi ya 15 ni 2,400, zaidi ya hapo 3,400.

Nyumba ya kwanza ni ua wa "mizigo", yaani vyumba kumi vya kupanga, watu 40, mita moja ya mwenye nyumba. Kila mtu anatumia lita 25 kwa siku. Hiyo ni yuniti 1 kwa siku, 30 kwa mwezi. Bili: 7,500 + 24,000 + 51,000 = 82,500. Wastani 2,750 kwa yuniti.

Nyumba ya pili ina ukuta na geti, watu wanne, lita 100 kila mtu kwa siku. Yuniti 12 kwa mwezi. Bili: 7,500 + 16,800 = 24,300. Wastani 2,025.

Anayeoga kwa beseni analipa zaidi ya mwenye bustani! Na hapo mwenye nyumba bado hajaongeza chake juu ya kodi. Bei ya ngazi inafaa mji ambao kila familia ina mita yake, na miji yetu haiko hivyo. Bei moja ya nyumba, basi. Bodi ikishikilia, ngazi zizidishwe kwa idadi ya kaya kwenye mita: ua wa kaya kumi upewe yuniti 50 za kwanza kwa bei ya chini. Kaya zihesabiwe na msoma mita akiwa na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), zirudiwe kila mwaka, la sivyo utaona nyumba ya mtu mmoja ina "kaya" kumi na mbili.

Ada ya huduma ya kila mwezi pia iacheni kama maji yenu ni ya mgao. Shilingi 1,500 kwa anayetumia yuniti 3 ni nyongeza ya 500 kwa kila yuniti. Na bomba likikauka, ada inaendelea. Hilo peke yake linatosha kuvunja kikao cha hadhara.

---

Fundi_Mabwawa

Nibaki kwenye majitaka.

Kunakili asilimia 75 na 100 kutakupa fedha ambazo huwezi kuzieleza. Kwa bei alizopanga Hesabu_za_Bomba, nyumba 3,000 × 1,762 na wengine 4,000 × 2,750 kwa wastani, ukikusanya asilimia 90 ni milioni 14.7. Gharama umeandika milioni 6. Mwenye hoteli mwenye kalamu ataiona hesabu hiyo kabla ya chai.

Lakini 6 nayo si kweli. Umesahau tope. Bwawa la kwanza, lile la kina kirefu, hutolewa tope likifika theluthi moja ya kina. Kwa kawaida ni kila miaka miwili hadi mitano, inategemea mzigo. Mabwawa ya baadaye husubiri miaka kumi na zaidi. Kazi ni kubwa: kuelekeza maji bwawa la pembeni, pampu ya tope, vitanda vya kukaushia, malori. Fedha yake inatakiwa kwa mkupuo, na miji mingi haina, kwa hiyo bwawa linajaa na maji machafu yanapita juu kwenda kinamasini kama yalivyoingia. Tenga milioni 3 kwa mwezi kwenye akaunti yake, isiguswe na mishahara. Jumla milioni 9, yaani bili za milioni 10.

Asilimia 50 ya bili ya maji kwa nyumba na 60 kwa wengine: 3.53 + 6.6 = 10.1. Inatosha. Mkitaka ziada ya kupanua laini, iandikeni wazi kama ziada ya kupanua laini, na mtaje mtaa.

Mambo matatu yatakayoharibu hesabu hii:

Visima vya watu. Sehemu ya kuoshea magari au hoteli yenye kisima chake inanunua kwenu yuniti 10 na kumwaga 200 kwenye laini. Bili ya majitaka inafuata maji, kwa hiyo inalipia 10. Fungeni mita yenu kwenye bomba la kisima, isomwe mwezi kwa mwezi pamoja na ile ya kawaida. Akikataa, kadirieni kwa saa za pampu na ujazo wake, na hilo liwe kwenye mkataba wa kuunganishwa tangu mwanzo.

Upande wa pili kuna wanaonunua maji yasiyorudi: kiwanda cha maji ya chupa, watengeneza matofali. Huyo msimtoze kwa yuniti zote. Kwa nyumba, kawaida asilimia 80 hivi ya maji hurudi kwenye laini na imo tayari ndani ya bei, lakini kiwanda cha vinywaji kinaweza kurudisha nusu. Apimwe anachotoa.

La tatu ni uzito wa uchafu. Machinjio hayatozwi kama saluni. Pima BOD (oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu), weka kiwango cha kawaida, mathalani miligramu 500 kwa lita, na kinachozidi kilipiwe kwa kilo. Miligramu kwa lita ni sawa na gramu kwa yuniti, hesabu ni nyepesi. Machinjio yenye yuniti 400 kwa mwezi na BOD 1,800: ziada ni 1,300, yaani kilo 1.3 kwa yuniti, kilo 520 kwa mwezi. Kwa shilingi 900 kwa kilo ni 468,000 juu ya bili ya kawaida. Chukueni sampuli siku ya kuchinja, mchanganyiko wa kutwa nzima. Ile ya mara moja saa tatu asubuhi sakafu ikiwa imeshaoshwa haina maana. Bei hiyo ikiwauma wataweka kichujio na mtego wa mafuta, na hapo bwawa ndilo litakalonufaika kuliko akaunti.

Halafu malori ya kunyonya vyoo. Tozeni kwa ukubwa wa tanki la lori, maana hakuna atakayepima limejaa kiasi gani, na bei iwe ndogo. Dereva anayeona ada ni kubwa anajua mfereji ulipo, na anakwenda usiku. Ila msiwaruhusu kumwaga moja kwa moja kwenye bwawa la kwanza, tope la choo cha shimo ni zito mara nyingi kuliko majitaka ya laini. Lipite kwenye vitanda vya kukaushia kwanza, maji yake ndiyo yaingie bwawani.

---

Mhasibu_wa_Mji

Asanteni sana, nimeona nilipokuwa nimepotea. Mawili yamebaki. Biashara zikiwekwa 3,500 badala ya 2,900, si ningeweza kushusha nyumba? Na mjumbe mmoja anauliza kwa nini mwananchi alipie yuniti 9,000 zinazopotea.

---

Hesabu_za_Bomba

La biashara: angalia nani ananunua. Katika zile 5,000, bila shaka wachache wakubwa (hoteli, kituo cha mafuta, kiwanda cha mchele) wanachukua sehemu kubwa, na hao ndio wenye uwezo wa kuchimba. Wakiondoka na yuniti 1,200 tu, umebaki na 3,800 × 3,500 = milioni 13.3. Ulikuwa na 14.5. Umeme na dawa utakazookoa kwa kutosukuma 1,200 ni kama 377 kwa yuniti, yaani laki nne na nusu. Bado umepoteza, na mishahara na mabomba ni yale yale, sasa yanabebwa na nyumba. Kabla ya kupanga bei ya biashara, toa orodha ya wateja 20 wakubwa, uwapigie hesabu mmoja mmoja: kisima kitamgharimu kiasi gani, kitajilipa kwa miezi mingapi kwa bei yako. Kwa wengi wa aina hiyo, 2,900 ndiyo imekaribia ukingo.

Taasisi za serikali ni habari nyingine. Hawatachimba, watachelewa. Kambi na hospitali hulipa fedha za robo mwaka zikitoka. Bei siyo tatizo hapo, tatizo ni fedha ya mkononi: uwe na akiba ya angalau miezi mitatu ya bili zao, ama sivyo utakatiwa umeme wakati unadai.

La upotevu: mwananchi alipie. Fundi wa umeme hakuulizi maji yalikwenda wapi.

---

Nalongo_wa_Kioski

Hapo sikubaliani nawe kaka. Ukiweka asilimia 30 yote ndani ya bei na kuiacha, nani ataamka usiku kutafuta bomba lililopasuka? Weka 25. Mauzo yawe 22,500, wastani unashuka kutoka 2,434 hadi 2,272. Ofisi ibebe tofauti.

---

Hesabu_za_Bomba

Ibebe kwa nini, dada? Tofauti ni 162 kwa yuniti, kwa yuniti 18,900 zinazolipwa ni milioni 3 kwa mwezi. Ofisi haina mfuko mwingine. Itakata matengenezo, na upotevu utapanda hadi 35. Mkubaliane na kushuka kwa hatua na mkaandike kwenye maombi: 30 mwaka wa kwanza, 27 wa pili, 25 wa tatu, bei ikishuka kwa kiasi hicho kila hatua iwe mmefika au hamkufika. Hapo msukumo upo na pampu inaendelea kuzunguka.

Na kabla ya kuandika, jueni zile 9,000 ni za aina gani. Someni mita kuu ya tanki saa nane usiku na saa kumi usiku, siku tatu. Tuseme ni yuniti 16 kwa saa. Toa ya hospitali, kambi, na matanki ya nyumbani yanayojaa usiku, tuseme 6. Zinabaki 10, huo ni uvujaji. Mchana presha iko chini, kwa hiyo zidisha kwa saa 20 badala ya 24: 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi. Zile 3,000 nyingine ni mita mbovu na wizi. Fundi hawezi kuziba mita mbovu, na mita mpya hazizibi bomba. Kila kundi lina bajeti yake.

---

Karani_wa_Bili

Mmemaliza makubwa, niweke ya mezani kwangu.

Kwenye maombi yenu wekeni kanuni ya kurekebisha bei kila mwaka, kama NWSC walivyoanza kufanya 2002. Bei ikikaa miaka sita halafu ikapanda mara mbili, hakuna mkutano utakaotulia. Tumieni mizani ya gharama zenu: umeme 17.6%, dawa 7%, mishahara 39.1%, vingine 36.3%. Umeme ukipanda 10%, dawa 15%, mishahara ikibaki, na vingine vikifuata mfumuko wa bei wa 4% unaotolewa na UBOS (ofisi ya takwimu ya taifa): 1.76 + 1.05 + 0 + 1.45 = 4.26%. Bei ya nyumba inatoka 2,350 kwenda 2,450. Na iwe pande zote mbili, umeme ukishuka bei ishuke.

Baraza la manispaa lisitangaze chochote redioni kabla ya waziri kukubali. Bei za maji ni za wizara, na tangazo lililotangulia huwapa wadaiwa sababu ya kugoma.

Kwenye mbao za matangazo andikeni bili nzima, na VAT ndani. Mtu wa yuniti 10 akisoma 2,350 anategemea 23,500. Karatasi ikija na 27,730 atasema mmemwibia 4,230.

Tarehe ya kuanza ndiyo huleta foleni dirishani. Msoma mita hapiti nyumba zote Julai 1. Mteja aliyesomwa Juni 12 na Julai 12 ana siku 18 hivi za bei ya zamani na 12 za mpya. Akitumia yuniti 15, tisa ziende bei ya zamani na sita mpya, na mistari yote miwili ionekane kwenye bili. Programu nyingi za bili hutumia bei ya siku ya kusoma kwa yuniti zote, kwa hiyo mwambieni fundi wa programu mapema, mwezi Mei, ajaribu kwa akaunti kumi kabla. Ikishindikana, bei mpya ianze rasmi kwa kila mteja siku atakayosomwa Julai. Mtapoteza fedha za wiki moja au mbili, na dirisha litabaki shwari.

Mgao ukirudi, msoma mita abebe ndoo ya lita 20. Hewa ikitangulia kwenye bomba huzungusha mita, na bei ikiwa imepanda juzi kila bili kubwa italaumiwa hewa. Jaza ndoo bomba likiwa limetulia, mita isogee 0.02. Ikisogea 0.02, mita ni nzima, mkague bomba la choo ndani. Kama lalamiko linarudi kila mgao ukiisha, wekeni kitoa hewa kwenye kilele cha laini ya mtaa huo.